Siku Tatu Katika Stoo ya Tawakali

Siku ya kwanza ya mkutano, hakuna aliyeitikia salamu ya Efrazia. Aliingia katika stoo ya Mzee Tawakali pale Katesh, akawakuta wazee wa Kiiraqw wameketi mabenchi ya kushoto, makoti yamefungwa vifungo mpaka shingoni, na wazee wa Kibarbaig mabenchi ya kulia, mikuki wameiacha nje kwa amri ya serikali lakini fimbo wamekataa kuachana nazo. Akawaamkia wa kushoto kwa Kiiraqw. Kimya. Akageuka akawaamkia wa kulia kwa lugha yao. Kimya vilevile. Akatafuta mahali pa kukaa, akaona kigoda kimewekwa katikati, peke yake, kati ya mabenchi na mabenchi. Akakikalia.

Alikuwa na miaka thelathini na minane, mjane asiye na mtoto, mfanyakazi wa zahanati ya Katesh. Kazi yake ilikuwa kufagia, kuchemsha sindano na kuwasemea wanawake wa Kibarbaig walipokuja na maumivu yao. Lugha yao hakufundishwa na mtu. Mwaka wa nzige, alipokuwa na miaka sita, baba yake alikufa kule Tumati, na mama yake aliposhindwa kuwalisha watoto alimshusha yeye uwandani Hirbadaw na kumwacha katika boma la Wabarbaig walioelewana na baba yake. Akakaa miaka tisa. Akanywa maziwa yao, akachunga ndama wao, akapewa jina lao, Udareda. Kisha mama yake akaja kumrudisha, akabatizwa, akaolewa na Severine wa Maretadu, na ule utoto wake ukawa jambo ambalo wakwe zake hawakupenda litajwe mbele ya wageni.

Ndiyo maana aliitwa. Mkalimani wa siku zote Wabarbaig walimkataa, wakidai aliwahi kupunguza maneno ya mzee wao barazani hadi mzee akafungwa. Wairaqw nao hawakumtaka Mbarbaig yeyote awasemee. Jina la Efrazia likabaki, kwa kuwa pande zote mbili zilimtilia shaka sawasawa.

Ilikuwa mwaka wa sitini na moja, mwezi wa tisa. Uhuru ulikuwa umeshatangaziwa tarehe yake, na wilaya ilikuwa inaundiwa halmashauri mpya. Uwanda wa Hirbadaw ulipewa kiti kimoja. Kimoja tu, kwa watu wawili waliokuwa hawajakaa chini pamoja tangu lini. Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, kijana wa Kizungu mwenye soksi ndefu na Kiswahili cha ofisini, alisimama mbele ya magunia ya chumvi akaeleza mambo mawili. La kwanza, wakubaliane jina moja la mjumbe. La pili, watie dole gumba kwenye hati ya mipaka, ili serikali mpya ikabidhiwe uwanda usio na ugomvi.

"Mna siku tatu," alisema. "Mkishindwa, nitachagua mimi."

Kila mtu mle ndani alijua kwa nini mipaka ilikuwa na haraka. Misimu miwili iliyopita serikali ilikuwa imefungua shamba la majaribio la ngano uwandani, na ngano ilikuwa imekubali kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Trekta zilikuwa zinahitaji nafasi.

Upande wa Wairaqw msemaji alikuwa Tadeo Bura, mwalimu mstaafu na katibu wa tawi la chama. Kwa Efrazia alikuwa zaidi ya hapo: alikuwa mdogo wa baba mkwe wake, na tangu Severine afe yeye ndiye aliyemwamulia mambo kwa niaba ya ukoo. Pembeni yake aliketi Ignasi, rafiki yake wa siku nyingi, na nyuma yao Pascal, mkulima wa Hirbadaw, mtu wa maneno machache ambaye nyumba yake ilikuwa imechomwa moto miezi mitano nyuma.

Upande wa Wabarbaig msemaji alikuwa Gidahasi. Efrazia alipomwona alishusha macho. Alikuwa mtoto wa kwanza wa boma lile alikolelewa. Walikunywa kibuyu kimoja, na mara moja Gidahasi alimbeba mgongoni siku nzima baada ya mwiba kumchoma mguuni. Miaka ishirini na mitatu hawakuwa wameonana, na sasa alikuwa anamwangalia kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua.

Tadeo alianza. Alisema kwa Kiswahili, polepole, kama yuko darasani.

"Waambie hawa Mang'ati kwamba kiti cha halmashauri si fimbo ya kuchungia. Kinataka mtu anayejua kusoma. Sisi tunao waliosoma. Wao wanao?"

Mang'ati ni jina ambalo Wabarbaig hawakujipa. Walibandikwa na majirani, na maana yake ni adui. Efrazia alilisikia, akalimeza. Akasema kwa lugha yao, "Anasema kazi hii inahitaji mtu aliyesoma, na anauliza kama mnaye."

Gidahasi hakujibu swali. Alimwuliza yeye. "Lile neno umelipeleka wapi?"

"Neno gani?"

"Mimi Kiswahili sikijui, lakini lile nalijua. Nimeitwa hivyo tangu nina meno ya utoto. Umelificha wapi?"

Gidahasi akageukia wazee wake akasema kwamba Wairaqw ni watu wanaochakura udongo kama kuku, na wakimaliza kuchakura hapa watasogea pale, na wakimaliza pale watachakura chini ya kitanda chako. Wazee wake wakacheka bila furaha. Tadeo akataka kujua kinachochekwa.

"Anasema Wairaqw wanalima sana," alisema Efrazia, "na mashamba yanazidi kusogea."

"Mwongo!" Pascal alisimama. Miaka saba uwandani ilikuwa imemfundisha maneno mawili matatu. "Amesema kuku. Nimesikia kuku. Huyu mwanamke anatuficha!"

Asubuhi hiyo yote ikaishia hapo. Kila upande ulikuwa umemkamata akiusaliti, na pande zote mbili zikapata jambo la kukubaliana, kwamba Efrazia hafai. Bwana Shauri akagonga meza. Akasema hana mkalimani mwingine, na jua lilipogeuka akawaambia waende zao.

Efrazia alibaki nyuma akikusanya vikombe pamoja na Hajira, mke wa Tawakali. Hajira alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Familia yake ilikuwa imefanya biashara katika nchi hii kwa miaka mingi, ikiwauzia Wairaqw majembe na Wabarbaig shanga, bila kuulizwa iko upande wa nani.

"Ulitaka kuwalainishia," alisema Hajira.

"Nilitaka wasipigane."

"Wamekupiga wewe."

Kesho yake Efrazia aliingia stoo, akasimama kabla ya kukaa, akatangaza kwa Kiiraqw, akarudia kwa Kidatoga, lugha ya Wabarbaig: "Leo kila neno litapita kama lilivyotoka mdomoni. Anayetukana atatukana kwa mdomo wangu, na mwenzake atasikia. Msije mkanilaumu tena." Kisha akakaa.

Na ikawa hivyo. Matusi yalipita katikati ya stoo kama mawe, na kila jiwe lilipita kinywani mwake. Aliwaita Wabarbaig wezi wa mifugo na wauaji wa njiani kwa lugha waliyomlelea. Aliwaita Wairaqw wanyang'anyi wenye rozari shingoni kwa lugha ya mama yake. Mara mbili watu walisimama na mara mbili Bwana Shauri aliita askari wake mlangoni. Lakini jambo moja lilibadilika. Walipokwisha jua kwamba hakuna kinachofichwa, walianza kusema yale waliyoyajia.

Gidahasi alisema akiwa amekaa, fimbo imelala mapajani.

"Baba yangu tulimjengea kaburi miezi tisa. Kilima chake kilionekana kutoka mbali. Watu walikuja kutoka kila upande wakaleta asali, tukamwaga pombe pale, tukaimba. Kaburi la baba yangu ndilo lililotuambia kwamba pale ni petu. Huyo mzee anayejua kusoma, mwanaye Alfredi anaendesha trekta la ngano. Alipita juu ya baba yangu na lile chuma. Hakupita mara moja. Alipita, akageuka, akapita tena."

Efrazia alitafsiri. Alikuwa analijua kaburi hilo kwa kusikia tu. Mtu aliyelala pale ndiye aliyemchagulia jina.

Tadeo alikunja uso. "Mwanangu ni mwajiriwa. Mzungu alimwonyesha pa kulima, akalima. Asingelima yeye angelima mwingine."

"Hakuwa na macho?" aliuliza Gidahasi.

"Aliona kilima cha udongo. Ninyi mngeweka hata msalaba."

Efrazia akalisema na hilo. Wazee wa Kibarbaig wakanung'unika kwa pamoja, sauti nzito ya chini. Hapo Pascal akasogea mbele.

"Mimi sikulima kaburi la mtu," alisema. "Sina trekta. Nina jembe la mkono na wanangu wanne. Mlikuja mchana mke wangu akiwa kisimani. Wanangu walitoka na blanketi moja. Mahindi yote yaliungua. Nataka mtu wa upande ule aniambie kwa nini mimi."

Gidahasi aliwaangalia wenzake mmoja mmoja, kisha akamwangalia Pascal usoni.

"Ni vijana wetu," alisema. "Nawajua kwa majina. Walitaka nyumba ya Alfredi, lakini Alfredi anakaa kambini kwa Wazungu, kuna askari. Nyumba yako ilikuwa karibu."

Efrazia aliyatoa maneno hayo kama yalivyo. Pascal alisimama pale mikono ikiwa imening'inia. Alikuwa amejiandaa kukanushiwa. Hakuwa amejiandaa kwa ukweli wa namna ile, mwepesi na wa aibu. Akarudi kwenye benchi lake akaketi. Hakumsamehe mtu. Lakini hakupiga kelele tena siku hiyo.

Walipopumzika kunywa chai, Efrazia alikwenda nyuma ya stoo, kwenye kibanda cha jiko la Hajira, akakaa kwenye kivuli cha ukuta akijipangusa jasho. Hapo ndipo aliposikia sauti ya Tadeo upande wa pili wa ukuta wa matete. Alikuwa anaongea na Ignasi kwa Kiiraqw.

"Kiti tuwape," alisema Tadeo.

"Umechoka nini wewe? Baada ya yote haya?"

"Nisikilize. Mtoto wa dada yangu ni karani bomani kwa Bwana Shauri, ameiona ramani. Mstari umeshachorwa. Ngano inashuka kutoka kambini mpaka ukingoni mwa ziwa. Njia ya ng'ombe ya kwenda majini haimo. Ndani ya mstari hakuna njia, hakuna kaburi, hakuna kitu. Ni ngano tu. Hati tutakayotia dole inasema tumekubali mipaka kama ilivyo kwenye ramani ya serikali. Tukiwapa kiti watafurahi, watatia dole, hawatauliza."

"Na watu wetu walio kule Hirbadaw?"

"Wa ukoo wetu, wa kule na wa Tumati, wameandikiwa viwanja upande wa juu. Nimehakikisha mwenyewe."

"Na wengine? Pascal?"

"Nimepata viwanja thelathini. Sikupata sitini."

Efrazia alisimama aondoke, na kikombe kikagonga jiwe. Sauti zikakatika. Tadeo alizunguka ukuta, akamwona. Walitazamana. Yeye ndiye aliyekuwa mdogo, akaamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Tadeo alisogea karibu. Hakupandisha sauti. "Wewe umeajiriwa kutafsiri yanayosemwa mezani. Hapa si mezani."

"Ndiyo, baba."

"Shamba unalolima kule Maretadu ni la Severine, na Severine alikuwa wa kwetu. Hukutuzalia mtoto. Wapo waliotaka uondoke siku ile ile ya arobaini, mimi nikasema mwacheni, ni mke wetu. Nilisema hivyo, si ndiyo?"

"Ulisema, baba. Nashukuru."

"Basi." Akarekebisha koti lake, akarudi ndani.

Jioni Efrazia alirudi zahanati, katika chumba cha zamu alichokuwa akilala siku za mkutano. Alikuwa na njia rahisi. Kutafsiri maneno ya mezani, kama alivyoambiwa, neno kwa neno, na hakuna ambaye angeweza kusema amedanganya. Shamba lingebaki. Lilikuwa ekari mbili za maharage na mahindi, na ndilo lililomfanya awe mtu wa mahali fulani. Angeweza pia kumwendea Gidahasi aliyekuwa amefikia kwenye boma la jamaa yake, mwendo wa nusu saa tu. Alifunga kitenge, akafika mlangoni, akarudi akaketi. Akawaza vile alivyomkagua siku ya kwanza. Akawaza Wairaqw watasema amewauza. Mwisho hakwenda kokote. Hakusali hata rozari yake.

Siku ya tatu Tadeo alivaa tai. Alisimama, akawasalimu Wabarbaig kwa mara ya kwanza, akasema kwamba Uhuru unakuja na hapendi watoto wao wauanze na chuki. Kwa hiyo Wairaqw wanaachia kiti. Gidahasi awe mjumbe wa uwanda. Kinachobaki ni kutia dole kwenye hati, mambo yaishe.

Nyuma yake Pascal aliduwaa. Ni wazi hakuwa ameambiwa. Ignasi aliangalia sakafu. Bwana Shauri akafungua kidau cha wino haraka haraka, uso umemng'aa.

Efrazia alitafsiri. Wazee wa Kibarbaig walitazamana, mmoja akaguna kwa mshangao, mwingine akampiga Gidahasi begani. Gidahasi hakutabasamu. Alikuwa anamwangalia Efrazia, na kwa mara ya kwanza katika siku tatu akamwita kwa jina.

"Udareda. Jana huyu mtu aliniambia niweke msalaba kwa baba yangu. Leo ananipa kiti. Kuna kitu nyuma yake?"

"Anasemaje?" aliuliza Bwana Shauri.

"Anauliza kama kuna kitu nyuma ya maneno haya," alisema Efrazia kwa Kiswahili.

Tadeo hakumwangalia Gidahasi. Alimwangalia yeye. "Mwambie hakuna."

Efrazia akafungua mdomo. Akasema kwa Kidatoga, "Anasema nikuambie hakuna." Hayo ndiyo maneno yalivyokuwa, wala hakuongeza kitu. Gidahasi akaendelea kumtazama, akingoja. Mkono wa Bwana Shauri ulikuwa umeshanyoosha hati. Kidole cha mzee wa kwanza kilikuwa kinakwenda kwenye wino.

"Subirini," alisema Efrazia. Alisimama. "Sasa yanayofuata ni yangu mimi. Hakuna aliyenituma."

Akaeleza kwa Kidatoga. Ramani, mstari, ngano mpaka ukingoni mwa ziwa, njia ya ng'ombe isiyokuwepo. Kisha, kabla Tadeo hajamfikia, akageuka akaeleza yale yale kwa Kiiraqw, na akaongeza viwanja thelathini. "Pascal," alisema, "wewe humo."

Stoo ililipuka. Benchi moja lilianguka. Ignasi alimshika Tadeo mkono, Tadeo akaunyofoa, akapaza sauti ya darasani kwamba mwanamke huyu alilelewa na Mang'ati, anazungumza yao. Bwana Shauri, aliyelinasa neno ramani, akakunja hati akasema mkutano umekwisha, ramani ni siri ya serikali, na Efrazia atajibu bomani. Akaelekea mlangoni. Gidahasi alikuwa ameshafika. Alilaza fimbo yake kuvuka fremu ya mlango, upande hadi upande, akasimama nyuma yake. Askari nje akaweka mkono kwenye bunduki.

"Mwambie atuonyeshe," alisema Gidahasi.

Wa kumjibu alikuwa Pascal. Alitoka kwenye mabenchi ya kushoto, akavuka katikati ya stoo, akasimama karibu na yule ambaye vijana wake walikuwa wamemchomea nyumba. Hakumtazama. Alimwambia Bwana Shauri kwa Kiswahili, "Ramani, Bwana. Nami nataka kuiona."

Mzee Tawakali, aliyekuwa kimya kwa siku tatu, alisema kwa upole kwamba stoo yake ina magunia ya chumvi na mafuta ya taa, na risasi ikilia mle ndani Bwana Shauri naye atakuwemo. Ramani ikatolewa mkobani. Ikatandazwa juu ya gunia.

Pascal alikuwa amesoma mpaka darasa la nne. Aliinama, akafuata kwa kidole. "Mlima huu. Mto huu hapa. Kambi ya ngano. Basi mimi niko hapa." Kidole kilikuwa ndani ya mstari mwekundu, mbali sana na ukingo wake.

"Baba Alfredi," alimwambia Tadeo. "Ulijua."

"Nilijua kwamba itachukuliwa, tutie dole au tusitie," alisema Tadeo. Sauti yake ilikuwa imechoka, wala haikuwa na uongo. "Wewe ungefanya nini? Ningekaa nikalia na ninyi wote? Nikaokoa niliowaweza."

"Uliookoa ni wa kwenu."

"Mtu huanza na wa kwake."

Bwana Shauri alikunja ramani yake, Gidahasi akaondoa fimbo, na gari likaondoka na vumbi bila hati hata moja. Tadeo na Ignasi na wengine wa ukoo wao wakaondoka kwa miguu. Walibaki Gidahasi na wazee wake, Pascal na wakulima wengine wawili wa uwandani, na Efrazia amesimama karibu na kigoda.

Gidahasi akamjia. Efrazia alidhani atamshukuru. Hakika alidhani hivyo, na baadaye aliona aibu kukumbuka kwamba alikuwa amekwisha anza kunyoosha mkono.

"Uliyasikia lini?"

"Jana. Wakati wa chai."

"Jana. Ukalala nayo."

"Nililala nayo, kaka."

"Kidole cha mzee wangu kilikuwa kwenye wino. Mama yangu alikunywesha maziwa ya ng'ombe aliyekuwa wangu. Ungekuja jana ungekuwa dada yangu. Leo wewe ni mtu wa boma la serikali aliyeogopa. Usiniite kaka." Halafu, bila kubadili sauti, akasema, "Sasa kaa hapo. Nina maneno na huyu mwenye nyumba iliyoungua."

Akakaa. Akatafsiri. Yalikuwa mazungumzo magumu kuliko yote ya siku tatu, kwa sababu hakukuwa na Mzungu wa kugonga meza na kila mmoja alikuwa huru kuondoka. Pascal alitaka nyumba yake ijengwe na vijana wale wale walioichoma, kwa mikono yao, mbele ya watoto wake. Gidahasi alikataa, akakubali, akakataa tena. Yeye alitaka njia ya kufikia maji, hatua hamsini kwa upana, ipite kwenye mashamba ya wakulima wakati wa kiangazi. Pascal alisema hamsini ni wizi. Wakaishia thelathini. Na wakakubaliana jambo moja lisiloandikwa: hakuna wa upande wowote atakayetia dole kwenye hati ile, aje Mzungu aje mwingine. Mkulima asihame. Mfugaji asigeuze ng'ombe.

"Usidhani nakupenda," alisema Pascal walipomaliza.

Efrazia alitafsiri.

"Mwambie nami vilevile," alisema Gidahasi. Hawakupeana mikono.

Wiki iliyofuata boma lilitangaza mjumbe wa uwanda wa Hirbadaw. Alikuwa Mzee Tawakali. Bwana Shauri alisema ni mtu asiye na upande, na Hajira akamwambia Efrazia kwamba mumewe hakulala siku mbili kwa hofu, kwani alijua wateja wa pande zote mbili sasa watamdai yeye. Hati ya mipaka ilirudi ofisini bila alama ya dole. Serikali iliyokuwa inaondoka haikutaka kugombana siku za mwisho, ikaiacha kwenye faili kwa wanaokuja.

Tadeo alikuja Maretadu Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, na wanaume wawili na kamba ya kupimia. Efrazia alikuwa shambani anapalilia. Akaacha jembe, akaamkia, akaitikiwa.

"Unajua nimefuata nini," alisema Tadeo.

"Najua, baba."

Wanaume wakaanza kupima. Tadeo alisimama na mikono nyuma, kama mwalimu anayesimamia mtihani, akawatazama. Baada ya muda akasema, "Hati haikutiwa dole, na vile viwanja thelathini vimefutwa. Familia thelathini, Efrazia. Nilikuwa nimewaahidi. Watoto wao wanakaa sita sita kwenye chumba kimoja kule Tumati, ardhi imekwisha, nawe unajua imekwisha. Umewapa nini badala yake? Njia ya ng'ombe."

Efrazia alikuwa ameliwaza hilo usiku na mchana. "Sikuwapa kitu," alisema. "Nilisema nilichosikia."

"Ungenyamaza ungekuwa na shamba."

"Ndiyo, baba. Ningekuwa nalo."

Akainama akaanza kuchuma maharage mabichi yaliyokuwa tayari, akajaza kitenge chake, kwa kuwa yale aliyapanda mwenyewe na hakuna aliyemkataza. Mengine yaliyokuwa bado aliyaacha shambani. Tadeo hakumwambia aharakishe. Akajitwika mzigo wake akashuka njia ya Katesh, na kule Hajira akampa chumba cha uani alale mpaka apate kwake.

Nyumba ya Pascal ilijengwa na vijana wanne wa Kibarbaig katika siku kumi na moja. Hawakusema neno na mwenye nyumba wakati wote huo, na mke wake alikataa kuwapa hata maji, wakanywa waliyokuja nayo. Kiangazi cha kwanza baada ya Uhuru, ng'ombe wa Gidahasi walipita katika ile njia ya hatua thelathini. Kulikuwa na ugomvi karibu kila siku: ndama aliyeingia kwenye mahindi, mkulima aliyesogeza uzio hatua mbili, mtoto aliyerusha jiwe. Mara nyingi Efrazia aliitwa kutoka zahanati kwenda kusimama katikati na kutafsiri matusi. Alikwenda kila mara. Njia ilidumu miaka minane, mpaka trekta za ngano zilipokuja kwa wingi, na katika miaka hiyo yote hakuna ng'ombe aliyekufa kwa kiu katika uwanda wa Hirbadaw.